Ullr Fest ya Breckenridge au Kanivali ya Steamboat: shemeji aende ipi?

Shemeji yangu wa Houston ana likizo moja tu msimu huu wa baridi, na anataka wanawe wakaione theluji. Theluji ya kukanyaga kwenye maegesho ya supamaketi haimtoshi; hiyo angeipata hata hapa kwetu Aurora. Anataka theluji yenye sherehe. Kasikia kwamba milimani huku Colorado kuna mji ambao watu wazima, wenye kazi zao na mikopo yao ya nyumba, huvaa kofia za pembe na kumbembeleza mungu wa theluji ashushe mzigo. Akanipigia simu: "Shemeji, hilo ni kweli au ni mambo ya mtandaoni?"

Ni kweli. Mji ni Breckenridge, na sherehe yenyewe inaitwa Ullr Fest. Lakini sijamaliza kumweleza, mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Mwambie na Steamboat!" Alikuwa na maana ya Steamboat Springs, mji mwingine wa milimani huku, wenye kanivali yake ya baridi kila Februari. Mjadala ukaanzia hapo na mpaka leo haujaisha. Sherehe zote mbili tumeshaziendea, zaidi ya mara moja. Mimi ni wa Breckenridge, yeye ni wa Steamboat. Hapa chini nitajaribu kuwa hakimu, ingawa mshtakiwa mmoja ni rafiki yangu.

Mungu asiye na visa

Breckenridge ulianzishwa mwaka 1859 na watu waliofuata dhahabu. Dhahabu ilipopungua mji ukasinyaa, ukabaki na watu wachache na nyumba za mbao, hadi Desemba 1961 ulipofunguliwa uwanja wa kuskii, yaani kuteleza thelujini kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, kwenye mlima unaoitwa Peak 8. Waliousimamisha uwanja huo ni pamoja na vijana wawili wa Kinorwei, Trygve Berge na Sigurd Rockne. Mwaka 1963 mji ukafanya Ullr Dag, maana yake Siku ya Ullr, na kutoka hapo ikakua kuwa sherehe ya siku kadhaa. Zamani ilikuwa Januari. Siku hizi hufanyika Desemba, kabla ya Krismasi.

Sasa huyu Ullr ni nani? Nilipoanza kumtafuta nilitegemea kukuta visa kama vile vya Thor, mungu wa radi, na nyundo yake. Sikukuta. Snorri Sturluson, Mwaislandi aliyeandika habari za miungu ya kaskazini katika karne ya 13, anampa mistari michache tu: ni mwana wa Sif, mke wa Thor, na kwa hiyo mtoto wa kambo wa Thor, hodari wa upinde na wa kuteleza kwa skii kiasi kwamba hakuna awezaye kushindana naye, mzuri wa sura, na ni vema kumwita mtu anapoingia kwenye pambano la wawili. Shairi moja la kale linaongeza kwamba anakaa Ydalir, mabonde ya mti ambao mbao zake zilichongewa pinde. Basi. Hakuna safari, hakuna ugomvi, hakuna hata kisa kimoja cha kumhadithia mtoto kabla ya kulala. Kuna majina ya mahali, kama Ullensaker kule Norwei na Ulleråker kule Sweden, yanayoonyesha kwamba zamani aliheshimiwa sana. Visa vyake vikapotea, jina likabaki limeganda kwenye ramani.

Na nadhani ndiyo maana anawafaa watu wa Breckenridge. Mungu asiye na visa hawezi kukukosoa. Unamvalisha unavyotaka. Wao wamemvalisha manyoya, ndevu za bandia na kofia yenye pembe, wakati Wavikingi wenyewe hawakuvaa kofia za pembe vitani. Pembe hizo zilienezwa na mavazi ya opera ya Kijerumani mwaka 1876. Ukimwambia hivyo mtu aliye katikati ya gwaride atakuitikia "ndiyo, ndiyo" na kukuvika ya kwako.

Gwaride hushuka barabara kuu ya mji, Main Street, jioni. Magari yamepambwa, mengine yamekuwa merikebu za Kivikingi, mengine sijui yamekuwa nini. Mji humtawaza mfalme na malkia wa Ullr. Halafu kuna moto mkubwa, na kumwomba Ullr kwa moto ni jambo la wanaskii popote: wapo wanaochoma skii zao za zamani kama sadaka ili msimu uwe na theluji nyingi. Mara ya kwanza niliposimama mbele ya moto ule nilicheka, kisha nikanyamaza. Bibi yangu kule Muheza aliwahi kutusimulia wazee walivyokwenda mlimani kutambikia mvua ilipokawia. Hawa nao wanatambikia mvua. Imeganda tu. Na wana sababu ileile, maana theluji isipoanguka Desemba, hoteli hazijai, walimu wa kuskii hawaitwi kazini, na mji mzima unakwenda kulala mapema.

Kivutio ambacho shemeji alikiona kwenye simu ni shotski. Ni skii zilizoungwa moja baada ya nyingine kuwa ubao mmoja mrefu kupita urefu wa mtaa, na juu yake vimepachikwa vikombe vidogo vya pombe kali. Watu zaidi ya elfu moja husimama bega kwa bega, wanainua kwa hesabu, wanakunywa kwa pamoja. Klabu ya Rotary ya kaunti ndiyo huandaa, unalipia nafasi yako na fedha huingia kwenye mfuko wa misaada. Mji wa Park City, Utah, una shotski yake pia, na miji hii miwili imekuwa ikinyang'anyana rekodi ya dunia kama Simba na Yanga wanavyonyang'anyana kombe. Ni lazima uwe na miaka 21. Kama hunywi, unabaki kwenye ukingo wa barabara ukishangilia, na nakuambia kwa uzoefu wa rafiki yangu mmoja wa Mombasa asiyegusa kileo kwamba kushangilia kwenyewe kunapasha mwili joto, lakini kuna dakika utajihisi mgeni kwenye harusi ya watu.

Kuna pia kujitupa kwenye maji ya barafu. Nimetazama. Sijajitupa, na sitajitupa.

Fundi matofali wa Norwei

Steamboat Springs haina mungu. Ina mtu.

Carl Howelsen alizaliwa Norwei mwaka 1877, akashinda Holmenkollen, mashindano makubwa ya skii ya nchi yake, mwaka 1903. Akavuka bahari kutafuta maisha. Kazi yake ya mkono ilikuwa ujenzi wa mawe na matofali. Mwaka 1907 sarakasi ya Barnum & Bailey ikamchukua awe kivutio: aliruka kwa skii kutoka kwenye mteremko uliojengwa ndani ya hema, bila theluji, mbele ya watu wasiowahi kuona skii. Baadaye akahamia Colorado, akaendelea kujenga kuta siku za kazi na kuruka siku za mapumziko. Alifika Steamboat mwaka 1913. Akawakuta wafugaji wanaojifungia ndani majira yote ya baridi, akawafundisha watoto wao kuruka. Februari 1914 kanivali ya kwanza ikafanyika, na haijaacha kufanyika. Wanajivunia kwamba magharibi ya mto Mississippi hakuna ya zamani kuliko hiyo inayoendelea bila kukatika. Mwaka 1922 Howelsen alirudi Norwei kuwatembelea wazazi, akaoa huko, akabaki. Kilima alichokiacha kinaitwa Howelsen Hill na kiko ng'ambo ya mto tu ukitoka katikati ya mji. Vijana waliojifunzia hapo wamekwenda Olimpiki kwa makumi.

Hapo utaona ajabu ya ulinganisho huu. Sherehe yenye jina la mungu wa Norwei haina sana cha Kinorwei ndani yake zaidi ya mavazi. Ile isiyotaja mungu yeyote ndiyo iliyopandwa na Mnorwei kwa mikono yake, na bado inafanya alichowafundisha: watoto wanaruka.

Jinsi wanavyofanya sasa. Barabara kuu ya Steamboat, Lincoln Avenue, ni barabara ya kitaifa, US 40, na kawaida malori hupita hapo. Siku za kanivali wanaifunga na kuleta theluji kwa malori, wanaimwaga juu ya lami na kuisambaza. Halafu wanakuja farasi. Farasi anapiga mbio katikati ya barabara, nyuma yake kuna kamba, na mwisho wa kamba kuna mtoto wa shule ya msingi juu ya skii, anaruka kilima kidogo cha theluji, au ana mkuki mkononi anachomoa pete zilizotundikwa njiani. Watu wazima nao huburutwa wakiwa wamekalia beleshi, lile tunaloliita chepe, mpini katikati ya miguu, wakishikilia kamba na roho zao. Mke wangu hucheka mpaka machozi yanagandia kope. Yeye ni wa Marangu. Amekua akiitazama theluji kila asubuhi ikiwa safi, kwa mbali, ikiwa juu ya kichwa cha mlima, na anasema hajawahi kudhani ingekuja kutumika kumburuta mtu mzima kwenye chepe.

Kisha inakuja bendi ya shule ya sekondari. Inapiga tarumbeta na ngoma ikiwa juu ya skii, barabarani, tangu mwaka 1935. Ukitaka kujua ni jambo gumu kiasi gani, vaa skii ujaribu kusimama tu.

Jumamosi usiku watu huhamia chini ya Howelsen Hill. Hapo ndipo kanivali inapokuwa kanivali. Wanaskii wanashuka gizani na mienge, mstari wa moto unaopinda. Warukaji wanapita katikati ya mduara unaowaka. Na anashuka Mtu wa Taa: mtu mmoja aliyevaa suti ya taa na betri, fataki zikimtoka mgongoni, akiteleza peke yake kwenye mlima mweusi. Mchezo huo ulianzishwa na mtu mmoja wa mji huo mwaka 1936, mwanawe akaurithi. Mwisho ni fataki, na hapo hawana utani: Februari 2020 walirusha fataki moja yenye uzito wa karibu tani 1.3, ikaingia kwenye kitabu cha rekodi za dunia. Mwaka uliotangulia walijaribu, ikapasuka kabla ya kutoka kwenye bomba lake. Hawakukata tamaa, walitengeneza nyingine.

Unacheza au unatazama

Hili ndilo swali nililomrudishia shemeji, maana mengine yote ni ya bei na barabara.

Breckenridge mgeni anaingia mchezoni. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Ukivaa kofia ya pembe wewe ni raia wa siku hiyo, ukiwa umetoka Denver, Kigoma au Bukavu. Mwaka wetu wa pili nilikwenda na kofia niliyoitengeneza kwa sufuria ya zamani na ndizi mbili za plastiki, watu watatu wakaomba kupiga picha na mimi. Hiyo ndiyo siri ya Ullr Fest: hakuna mwenye nayo, kwa hiyo ni ya kila mtu aliyefika. Upande wa pili wa siri hiyo ni kwamba, pombe ikiisha na moto ukizimika, huondoki na jina la mtu hata mmoja.

Steamboat wewe ni mtazamaji. Ile ni ngoma ya wenyewe. Wanaoburutwa na farasi ni watoto wa pale, na anayetangaza anawataja kwa majina na anajua baba yake nani aliburutwa mwaka gani. Unasimama pembeni na kikombe cha chokoleti ya moto, bibi aliye jirani yako anakuonyesha mjukuu wake. Hatukuvaa chochote cha ajabu, hatukushindana na yeyote, lakini tulirudi tukiwafahamu watu. Mke wangu anasema ni kama kwenda kwenye kipaimara cha kijiji usichokijua: hukualikwa, lakini sahani utapewa.

Kwa watoto, sitazunguka. Watoto wa shemeji wana miaka 6 na 9. Steamboat. Ukiwaambia watoto wa umri huo kwamba mtoto mwenzao atapita hapa akivutwa na farasi, hawatakumbuka baridi. Ullr Fest ina gwaride wanalolipenda na peremende zinazorushwa, lakini gwaride linaisha, na linalofuata ni la wakubwa. Kilichoko Breckenridge kwa watoto hakitegemei sherehe: ni zimwi la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 4, Isak Heartstone, lililojengwa mwaka 2018 na msanii wa Kidenmaki, Thomas Dambo. Lilivuta watu mno, majirani wakalalamika, likavunjwa na mwaka 2019 likajengwa upya mahali pengine mjini, karibu na uwanja wa barafu. Wanangu huzungumza habari za zimwi hilo kuliko za Ullr. Nao wana haki. Zimwi lina uso.

Barabara, na kifua

Kutoka Denver hadi Breckenridge ni kama kilomita 130, saa moja na nusu hadi mbili kama Mungu amependa na Jumamosi haijakukuta. Unapanda I-70, unapita handaki la Eisenhower lililo mita 3,401 juu ya bahari, unashukia Frisco. Jambo zuri ni kwamba huhitaji gari. Basi la jimbo, Bustang, linasimama Frisco, na kutoka Frisco hadi Breckenridge kuna basi la kaunti la Summit Stage ambalo ni bure. Mjini pia mabasi ni bure. Kagua saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujapanda, maana moto wa Ullr ni wa usiku na basi halimsubiri mtu mwenye pembe.

Steamboat ni takriban kilomita 255, saa tatu na zaidi. Njia ambayo ramani ya simu hukupa mara nyingi ni I-70 hadi Silverthorne, kisha kaskazini hadi Kremmling, halafu unavuka mlima wa Rabbit Ears, na huo ndio wenye maamuzi. Tuliwahi kukaa juu pale dakika arobaini nyuma ya lori lililokwama, upepo ukisukuma gari kama mtu anayegonga mlango. Shemeji anaweza kuruka hadi uwanja wa Yampa Valley ulioko Hayden, karibu na Steamboat, ambao majira ya baridi hupokea ndege kutoka miji mikubwa kadhaa. Ataongeza nauli, atapunguza lawama za mke.

Akikodi gari, asikubali kupewa lenye matairi ya Texas. Kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, sheria inadai matairi yanayofaa theluji, au gari la kuvuta magurudumu manne lenye matairi ya kufaa, au minyororo. Kijana wa kaunta ya kukodisha atakuambia "liko sawa, bosi". Tuliambiwa hivyo wageni wetu walipokuja mwaka juzi. Shuka ukayatazame matairi mwenyewe.

Kuhusu mwinuko watu wa kwetu hudharau kwa sababu tunajiita watu wa Kilimanjaro, hata sisi tuliouona kwenye noti tu. Main Street ya Breckenridge iko mita 2,926. Kibanda cha Mandara, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza, kiko mita 2,720. Maana yake ni kwamba ukitoka Houston kwa ndege asubuhi na jioni uko kwenye gwaride, umepita Mandara siku moja bila kutembea hatua. Ukipanda lifti ya viti ya Imperial kule juu unafika mita 3,914, umekipita kibanda cha Horombo. Kichwa kitauma. Maji, maji, maji, na shotski ni jambo la mwisho la kufanya jioni ya kwanza. Steamboat iko kama mita 2,050, kimo cha Eldoret. Wakimbiaji wanaishi hapo, shemeji hatakufa.

Mfuko

Zote mbili si za bei rahisi, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Wanadhani ili kuhudhuria kanivali lazima ununue tiketi ya kuskii mlimani, ambayo ukiinunua siku hiyohiyo dirishani inaweza kuvuka dola 200 kwa mtu mmoja kwa siku moja. Si lazima. Gwaride la Breckenridge unasimama barabarani bure. Steamboat unanunua beji ya kanivali, ambayo huchangia klabu ya michezo ya watoto wa mji, na kwa hiyo unatazama. Ukitaka kuonja skii, Howelsen Hill ni mali ya mji, na wana utaratibu wa kuskii bure siku za Jumapili. Utalipia kukodi vifaa tu. Breckenridge hakuna mteremko wa namna hiyo. Ule ni wa kampuni kubwa na bei zake ni za kampuni kubwa.

Kitakachokula fedha ni kitanda. Desemba kabla ya Krismasi Breckenridge bado inapumua, unaweza kupata chumba Frisco kwa nafuu na kuja kwa basi. Mwanzoni mwa Februari Steamboat imejaa, na ukichelewa kuweka nafasi utalala mji mwingine na kuendesha gizani. Kwa hiyo kwa mtu mwenye uwezo mdogo asiye na watoto, Breckenridge inashinda bila jasho. Anaweza hata kwenda na kurudi siku moja akipata lifti ya rafiki.

Theluji yenyewe nayo izingatiwe. Desemba ni mwanzo wa msimu. Imewahi kutokea tukaandamana kwa ajili ya mungu wa theluji kwenye lami kavu, huku mashine zikitapika theluji ya bandia mlimani. Februari Steamboat theluji imeshafika madirishani. Mtoto anayetaka kuzama hadi kiunoni aende Februari. Baridi ya usiku kwa vyovyote ni ya kweli, nyuzi 15 chini ya sifuri si habari. Mwaka wetu wa kwanza nilikwenda na viatu vyangu vya harusi na soksi za pamba, nikidhani baridi ni ya mabegani. Vidole viwili sikuvihisi mpaka kesho yake mchana. Soksi za sufu, viatu visivyopitisha maji, na chupa ya chai ya tangawizi uliyoipika mwenyewe, maana chai ya huko ni maji ya moto yenye karatasi.

Nyongeza moja ya Steamboat, na hii nilimnong'oneza shemeji pembeni. Mji una chemchemi za maji moto. Jina lake lenyewe linasemekana kutokana na chemchemi iliyokuwa ikinguruma kama meli ya mvuke. Yale mabwawa ya Old Town yaliyo mjini ni ya familia, watoto wanateleza, mvuke unapanda, hakuna raha kama hiyo. Yale ya Strawberry Park yaliyo nje ya mji ni mazuri zaidi kwa macho, lakini nenda mchana. Giza likiingia ni ya watu wazima tu, na nguo ni hiari. Usijifanye hukuambiwa ukajikuta huko na mama mkwe.

Kama angepata Januari

Kuna jambo la tatu ambalo halimo kwenye mjadala wetu wa jikoni, na pengine ndilo zuri kuliko yote. Mwishoni mwa Januari, Breckenridge hukaribisha mashindano ya kimataifa ya vinyago vya theluji. Kila timu hupewa bonge la theluji iliyoshindiliwa, uzito wa tani 25, refu kupita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Hairuhusiwi kutumia zana za umeme, wala kutia nguzo ndani, wala rangi. Mkono, patasi, msumeno. Nimewaona Wamongolia wakifanya kazi usiku na taa vichwani, kimya kabisa, na nikakumbuka vijana wa Kimakonde pale Mwenge, Dar es Salaam, wanavyouzunguka mpingo kabla ya kuugusa. Tofauti ni kwamba mpingo utamzika mchongaji wake, na hiki baada ya siku chache ni maji. Hakuna kofia za pembe, hakuna farasi, hakuna foleni ya kupata kikombe. Mtu anayependa kutazama kazi ya mikono kwa utulivu asihangaike na hizo nyingine mbili. Shemeji hana likizo Januari, kwa hiyo tuliiacha hapo.

Basi jibu. Kijana asiye na mtoto, anayependa kelele, asiye na gari, aende Ullr Fest na aende amevaa. Wachumba pia. Asiyetumia kileo asiogope, ila achague gwaride na moto, aipite shotski. Mwenye watoto wa shule ya msingi, mwenye wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani, au mwenye moyo wa kuona mji unavyojichezea wenyewe, aendeshe hizo saa tatu hadi Steamboat na alale angalau siku mbili, Jumamosi usiku ikiwemo. Ukikosa ule usiku wa Howelsen Hill umekula ukoko ukaacha wali.

Shemeji alisikiliza yote hayo, akauliza swali moja tu: farasi wenyewe ni wa kweli? Nikamwambia ni wa kweli. Chumba cha Steamboat tumekwisha kukiweka, Februari, watu wanane kwenye nyumba moja, na mke wangu hajaacha kutamba tangu siku hiyo. Mimi Desemba nitapanda Bustang peke yangu hadi Frisco, sufuria yangu na ndizi zake mbili zikiwa kwenye mfuko wa Rambo.